Tunda Tulilozika

Kisegi,
6 Februari 1994

Kaka Boaz,

Nianze na kuomba radhi. Tangu mazishi mpaka leo sijakuandikia hata mstari mmoja, na najua Mellen amekuuliza zaidi ya mara moja, "Kwani huyo Bhoke alikatika mikono?" Mikono ninayo. Nilichokosa ni kukaa. Damaris anaota meno, usiku kucha ananyonya na mchana hataki kuwekwa chini. Hata sasa yuko mgongoni anavuta kitambaa changu cha kichwa. Ukiona mistari inaruka kama panzi, ujue ni yeye.

Sisi tupo. Elvis ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kupitia pengo mpaka kuku wanakimbia. Mama mkwe wangu, Mama Phelesia, miguu bado inamvimba lakini mdomo uko salama. Mellen alipona lile jino? Na Mama bado anakataa kulala kwenye nyumba ya mabati, ati mvua inamtukana? Tumbaku imekubali mwaka huu?

Sasa neno lililonifanya nitafute kalamu.

Ulikuwepo Agosti, uliona kwa macho yako. Mtumbwi ulipatikana umepinduka. Mzee mwenye mtumbwi aliletwa na maji mpaka ufuoni, amekufa. Ogweno, yule kijana wa jirani yangu Orpah, hakuonekana. Na mume wangu Obunga hakuonekana. Kwa hawa watu wa huku, mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha haachwi hivi hivi. Linakatwa tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kama mtoto aliyefungwa nguo, linalazwa kaburini mahali pake. Nililia tunda, kaka. Nililia mpaka sauti ikakauka, na wote wakatupa udongo. Wewe hukutupa. Ulisimama nyuma ya wanaume na mikono mifukoni. Nilidhani ni kwa sababu kwetu Kuria hatuna mambo hayo.

Orpah yeye alikataa. Alisema, "Mwanangu si tunda." Kila jioni bado anamwekea Ogweno ugali chini ya sufuria, na mlango haufungi.

Juzi mwanamke mmoja anayetuletea samaki wa mbuta kutoka Remba aliniambia, "Mama Elvis, nilisikia mtu akicheka kule kisiwani, zamani kidogo, upepo ulipokuwa umetoka kuua watu. Nikajua ni mume wako. Nilipogeuka akavuta kofia." Nilimwambia Remba watu wamebanana kama dagaa, kila mtu atafanana na mwingine. Lakini sikulala.

Na hili si jambo la kukaa nalo tu. Wazee wamemchagua Odoyo, binamu yake, awe jater, yaani anirithi. Alikuja na koti lake akalitundika mlangoni mwangu kama mtu aliyefika kazini. Nililikunja vizuri nikamrudishia. Sasa mpaka nirithiwe, jembe langu haliruhusiwi kuingia shambani, wala mimi kuingia boma la mtu. Mvua ya masika iko karibu. Watoto watakula nini, koti?

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayekaa njiani, karibu na mpaka, ambapo kila anayekimbia hupita. Kama mimi ni mjane, nijue. Kama si mjane, nijue. Hakuna kitu kingine ninachotaka.

Ni mimi mdogo wako,
Bhoke


Kehancha,
20 Aprili 1994

Bhoke mdogo wangu,

Barua yako ilikaa posta mpaka nikapelekwa huko na shughuli nyingine. Usidhani nilinyamaza. Mama anakusalimu na bado analala kwenye nyumba ya nyasi. Jino la Mellen liling'olewa, sasa anaongea zaidi maana upepo una njia. Tumbaku imekubali sana. Nimepata kibarua mpya, bubu, alitoka upande wa pili wa mpaka. Bubu ni mtu mzuri wa kazi, hakuombi ruhusa wala hakuhadithii ndoto zake.

Kuhusu uliyouliza. Mdogo wangu, aliyekufa amekufa. Mwanamke wa Remba anauza samaki, na muuza samaki bila maneno hauzi. Yule bwana alikwenda na maji. Omba Mungu, lea watoto, usitembee ukiuliza uliza, watu watasema umechanganyikiwa na watakunyang'anya hata hiyo nyumba.

Lakini huyo Odoyo usimkubali. Hata wakikulazimisha, usimkubali. Waambie ndugu zako wa Kuria hawajakubali. Waambie mimi nimekataa kwa kinywa changu.

Mwambie Elvis autunze ule mguu. Uji wa moto si mchezo, kovu likivutana atachechemea.

Mimi kaka yako,
Boaz


Kisegi,
3 Mei 1994

Kaka Boaz,

Nimeipata barua yako, bahasha ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali. Ugali ulikuwa wa muhogo, na hapa karibu mwenye muhogo ni Odoyo. Basi amesoma kwamba umemkataa. Hiyo nayo ni salamu yake.

Sisi wazima. Jino la Damaris limetoka, sasa ananing'ata.

Nataka nikuulize pole pole, na unijibu pole pole. Nani alikwambia kuhusu mguu wa Elvis?

Aliungua asubuhi ile ile mtumbwi ulipotoka. Baba yake ndiye aliyempaka asali, akaniambia, "Usimwambie Mama, atasema hatujui kulea." Hatukusema. Siku ya mazishi Elvis alikuwa na surua, alifichwa ndani kwa jirani, wewe hukumwona hata uso. Mimi sijawahi kukuandikia juu ya mguu. Nimekaa nikawaza, labda Mama Phelesia alikwambia. Nimemuuliza. Amesema, "Mguu gani?" Hata yeye hakujua, na anaishi hapa.

Halafu jambo la pili. Unasema aliyekufa amekufa. Sawa. Kama amekufa, kwa nini Odoyo akuume wewe rohoni? Wewe ndiye ulikuwa ukiniambia zamani, "Fuata mila za ulikoolewa." Leo umekuwa askari wa mlango wangu. Unamlindia nani?

Sitakuuliza zaidi katika karatasi hii. Nakuonyesha tu kwamba nimeona.

Sasa habari ya tumbo, kwa sababu maswali hayaliwi. Shambani sijaingia. Masika yanapita nikiangalia mahindi ya wenzangu yakiota. Nilianza kununua omena, dagaa wa ziwa hili, kwa debe na kuanika ufuoni kama wengine, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Mwanamke wa kwanza aliyenunua kwangu alirudi akamwaga kikapu miguuni pangu. "Nyar Kuria," yaani binti wa Kuria, "mimi nauza samaki, siuzi mchanga!" Watu walicheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, kwao wanavuta tumbaku, hawajui kutafuna."

Nililia kidogo, halafu neno lile likanikaa. Kwetu wanajua tumbaku. Na baba alikuwa anaweka tumbaku wapi? Chini? Marehemu baba angempiga mtu kofi angeona jani linagusa udongo. Alifunga kwenye fito, akapandisha juu ya chanja, upepo upite chini na juu. Samaki ana tofauti gani na jani?

Basi nimepiga chanja moja nyuma ya nyumba, miti minne na fito za kuombaomba, nyavu juu yake. Omena ilikauka mapema kuliko ya wenzangu, na ilikuwa inang'aa. Lakini fito za huku ni laini, mchwa wanazila. Naomba unitumie fito za kwetu, zile za chanja ya baba, na kamba ya katani.

Na jibu kuhusu mguu.

Bhoke


Kehancha,
11 Septemba 1994

Bhoke,

Salamu nyingi. Mama aliugua kifua lakini sasa anagombana na watu, kwa hiyo amepona. Nisamehe kwa kuchelewa, ni wakati wa kukausha tumbaku na hatukulala.

Umeuliza mengi na karatasi ni fupi. Fito nimekutumia, mzigo mzima, pamoja na kamba. Vinaletwa na gari la Kaltum, yule mama wa Kiislamu mwenye duka la jumla Migori mjini, anayenunua nafaka kwetu. Nimemwambia kuna mdogo wangu anaanika omena isiyo na mchanga. Alicheka, akasema, "Boaz, hiyo ni kama kusema kuna mbuzi asiye na harufu. Niletee nione." Basi mpelekee gunia moja aone.

Kuhusu mguu, labda nilisikia mahali. Watu huongea.

Kaka yako,
Boaz

Wifi, ni mimi Mellen, nimechukua kalamu Boaz akiwa nje. Hajambo, na sisi hatujambo. Sina la kusema, mimi ni mke wa mtu. Nakusimulia tu habari za bubu wetu. Juzi nilipika samaki. Watoto waliacha kichwa. Bubu alikichukua akakila, macho, mashavu, mpaka mfupa ukabaki mweupe kama umefuliwa. Sijapata kuona mtu wa upande wa pili anayekula kichwa cha samaki namna ile. Na akiwa peke yake kwenye chanja, huyu bubu anaimba. Kwa heri wifi. Nakupenda.


Kisegi,
2 Desemba 1994

Kaka Boaz,

Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa Kaltum, haitapita kwa mla muhogo yeyote.

Shikamoo nyingi kwa Mama. Huku tumepata neema na nitakueleza yote, kwa sababu wewe ndiye uliyeleta fito, na aliyeleta fito ana haki ya kusikia nyumba ilivyosimama.

Kaltum alilipokea gunia la kwanza akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akatoa omena za chini, akazitafuna mbele yangu. Alitafuna, akatafuna tena. Halafu akamwita binti yake, "Hadiya, njoo ule kitu kisichopiga kelele mdomoni!" Akaniuliza ninazo ngapi za namna hii. Nilisema uongo, kaka, nilisema nyingi.

Ikabidi ziwe nyingi. Nilirudi nikapiga chanja nyingine, na nyingine. Orpah alikuja akasimama kwenye uzio akiangalia. Nikamwambia, "Mama Ogweno, mikono imekaa bure?" Akaingia. Yeye ndiye fundi wa kugeuza samaki kabla jua halijawachoma. Baada yake wakaja wajane wengine, kwanza wale waliokuwa wakinicheka. Yule aliyemwaga kikapu ndiye anayepiga kelele kuliko wote mtu akiangusha omena mchangani.

Elvis ameanza shule na ana sare. Nyumba nimeipiga mabati. Mwambie Mama mvua inatutukana na sisi tunaitikia. Shambani wazee waliniachia nipande mvua ya vuli bila koti la mtu yeyote, baada ya Mama Phelesia kusimama barazani akawauliza, "Mnataka huyu mtoto arithiwe au mnataka tule?" Odoyo sasa ndiye anayebeba magunia yangu kwa baiskeli mpaka barabarani. Koti analivaa mwenyewe. Ni mchapakazi kumbe, alikuwa amekosa tu mtu wa kumtuma.

Kwa hiyo usiniwaze kama yule uliyemwacha amekaa kando ya kaburi. Yule amesimama.

Sasa nisikilize.

Mzigo wa fito ulipofika, nilikaa chini kuufungua. Sisi kwa baba tulifunga kwa kuzungusha kamba na kuchomeka ncha, mtoto anafungua kwa meno. Hili halikuwa fundo la tumbaku. Lilikuwa fundo la nyavu, linazunguka kidole, linarudi chini yake lenyewe, na likishavutwa halifunguki mpaka ulowanishe. Tena lilivutwa kwa kushoto. Ufuo huu wote mtu aliyekuwa akishona nyavu kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja, na nyavu zake tulijua kuzitambua hata gizani.

Mafundo yalikuwa mengi, kaka. Yote yake. Nilikaa pale mpaka Orpah akaja akaniuliza kama nyoka ameniuma.

Nilimwambia ndiyo.

Nimeweka fundo moja ndani ya kopo la chumvi. Na sasa nimeelewa kwa nini hukutupa udongo. Mtu hawezi kumfukia aliyemwacha kwake akinywa uji. Ulijua siku ile? Uliniangalia nikilia tunda, ukala ng'ombe wa matanga, ukapanda gari ukarudi ukamhadithia?

Nimesikia bubu wako anafanya kazi vizuri. Tumbaku imekubali. Niambie, kaka, unamlipa nini mume wangu kwa kukulimia? Au mzimu hana ujira?

Sina hasira ya kupiga kelele. Nina watoto wawili na samaki wa kugeuza. Lakini nataka neno moja kutoka kwako, na usiniandikie habari za kifua cha Mama kwanza.

Bhoke


Kehancha,
19 Februari 1995

Bhoke mdogo wangu,

Hukutaka salamu, basi sikupi, ingawa Mama ameuliza.

Nilikaa na barua yako wakati wote huu. Niliiweka kwenye paa, nikaitoa, nikairudisha. Mwishowe nilimsomea bubu. Alikuwa anafunga majani. Nilipofika pale Elvis amevaa sare, mikono yake ilisimama. Nilipofika kwenye kopo la chumvi, akaweka kamba chini. Akasema, "Yeye huwa anaona."

Basi bubu amesema.

Mimi niliapa, Bhoke. Shemeji yako akiingia nyumbani kwako amelowa mvua, hana viatu, anatetemeka, akakwambia niapie kwanza ndipo nikueleze, utafanya nini? Nilimwapia mbele ya kiti cha baba. Alisema ndugu wa Ogweno wakijua amepona peke yake watamuua. Mzee mwenye mtumbwi alikuwa ameukataa ule upepo, mumeo ndiye aliyesema twende. Kiapo ni kiapo. Nilisema nitulie kidogo mambo yapoe, halafu nikapata habari kuna mazishi. Kuhusu udongo, usiniulize.

Niliporudi nikamwambia wamekuzika, aliuliza, "Kwa yago?" Nikasema ni tunda kubwa hivi. Alikaa chini. Tangu siku hiyo alisema yeye hana kwao tena, aliyezikwa haendi kupiga hodi. Mimi sikujua mila yao ni nzito namna hiyo. Nilifikiri ni tunda tu. Kama ningejua labda ningepiga kelele pale pale. Labda nisingepiga. Ndiye aliyesema mwenyewe awe bubu, kwa sababu akifungua kinywa Kehancha nzima itasikia ziwa.

Chakula alikula kama sisi. Shati nilimpa. Ujira, tutaongea.

Nimemuuliza juu ya Ogweno. Alisema, "Nilimshika mkono." Zaidi ya hapo hasemi.

Sasa anataka kurudi. Anasema amesikia una chanja, una mabati, una watu wanaokufanyia kazi, na mwanamke hawezi kusimamia vitu vingi hivyo bila mwenye nyumba. Anasema nikuulize kama anaweza kuja kimya kimya, aingie giza likishashika, watu wazoee kidogo kidogo. Mimi nasema ni wazo zuri. Wewe unasemaje?

Kaka yako,
Boaz

Wifi, usikubali giza. Mellen.


Kisegi,
5 Machi 1995

Kaka Boaz,

Mama mwambie nampenda na kikohozi chake kisitumike tena kuanza barua.

Sikukawia safari hii. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikampelekea Mama Phelesia nikamsomea. Ndiyo, nimemwambia. Ni mwanawe. Wewe uliapa, mimi sikuapa.

Nilidhani atapiga kelele, au atakimbia mpaka barabarani kumsubiri. Hakufanya hata moja. Alichukua fimbo yake, akaenda mpaka kwenye kaburi, akainama na miguu yake ile iliyovimba akaanza kung'oa majani. Mimi nikang'oa upande wa pili. Aling'oa mpaka pakawa peupe. Ndipo akasema, "Nimelima hapa nikidhani namlimia mwanangu. Nimelimia tunda. Yu hai, aje alifukue mwenyewe. Jembe atashika yeye. Mimi nitakaa hapa nihesabu mapigo."

Hapo ndipo niliposikia kulia kumenijia, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuanika. Si kwa furaha na si kwa hasira. Nilimlilia yule aliyempaka mtoto asali.

Sasa nisikilize mimi, na umsomee yeye, neno kwa neno, usiruke kwa kumwonea huruma.

Obunga, si wewe peke yako uliyezama. Mimi pia nilizama, na hakuna aliyenishika mkono. Nilitoka mwenyewe. Sasa unauliza kama unaweza kuja kuwa mwenye nyumba. Nyumba ina mwenyewe. Ni mimi, na Mama yako, na Orpah anayegeuza samaki, na wale wanawake wengine. Chanja hizi hazikusubiri mwanaume wa kuzisimamia, na hata baiskeli ya Odoyo inajua njia. Ukija, utakuja kama mtu wa kufunga fito. Mafundo yako ni mazuri, sijapata kuona mazuri zaidi. Kama utakuwa mume tena nitaona kadiri siku zinavyokwenda, na sikupi ahadi kwa karatasi. Elvis anajua kwamba baba yake yuko kaburini. Utamweleza wewe, mimi sitakusaidia hata neno.

Na hutakuja gizani. Anayekuja kwetu gizani ni mwizi au ni mzimu, na Mama yako anasema hana nafasi ya wote wawili. Utakuja mchana, siku ya soko, watu wakiwa wengi, kwa miguu yako, ukipita katikati ya ufuo pale samaki wanapoanikwa. Hutafikia kwangu. Utafikia kwa Orpah.

Hapo ndipo kuna kazi, Obunga. Kuna mama anayemwekea mwanawe ugali chini ya sufuria kila jioni, na mlango haufungi. Jana upepo uliusukuma, akaacha samaki wote akakimbia nyumbani. Alirudi polepole. Nilimwambia ni upepo. Akasema, "Najua. Lakini nikiona ndiyo ninajua." Wewe peke yako duniani ndiwe unayejua kama Ogweno yuko majini au hayuko. Umekaa na hilo kwenye chanja ya kaka yangu ukiimba peke yako. Ulimshika mkono, sawa. Halafu? Mama yake ndiye anayestahili kusikia hiyo "halafu". Ukishamwambia, kama atakupiga, atakupiga. Kama ndugu zake watakuja, watatukuta wote tumesimama pale, na Mama Phelesia mbele na fimbo. Chifu na wazee nimewaambia kwa siri, na chifu nimeshamwomba awepo siku hiyo. Amesema atakuja na kiti chake.

Sasa nawe, kaka. Umenifanya nikukague kila neno kama omena, mbele na nyuma. Nakupenda na bado nitakukagua, muda mrefu. Ujira wa mtu aliyekulimia utamlipa, na Mellen atakuwa shahidi. Ukifika siku hiyo, kuna udongo unaokusubiri. Safari hii utafukia shimo tupu. Naomba utoe mikono mifukoni.

Ninachohitaji uniletee ni hivi:

Fito za kwetu, mzigo mmoja kama ule wa kwanza, maana tunaongeza chanja mbili upande wa Orpah.

Kamba ya katani. Usimruhusu afunge mzigo, fungeni kwa fundo la baba, nataka nione nyumbani kwetu.

Kondoo dume mmoja, asiye na doa, wa kusafisha boma. Wazee wamesema lazima atoke kwa waliomficha.

Mbegu za wimbi, debe moja, za Mama mwenyewe, si za sokoni.

Mellen, aje naye hata kama utalalamika. Nataka kumwona uso.

Obunga, mchana.

Na lile shati lake la mistari aliloondoka nalo siku ile, kama bado lipo, hata kama limechanika. Alivae yeye siku ya kuja, asivae ulilompa wewe. Lile kila mtu ufuoni analijua. Orpah akimwona kwa mbali amtambue mara moja kuwa ni yeye, asije akadhani hata kwa hatua moja kwamba ni mwanawe.

Bhoke